Divisheni Wani ni ya Nani?

Kila mwanzo wa mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta) linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, watu huacha shughuli zao kwa saa kadhaa. Simu zinapita mkono kwa mkono, namba ya mtahiniwa inatafutwa, na jioni mtaa mzima unajua mtoto wa nani kapata wani na wa nani kapata ziro. Kwa miaka mingi tangazo hilo lilifuatana na orodha ya shule 10 bora na shule 10 za mwisho, pamoja na majina ya wanafunzi walioongoza kitaifa. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya mtihani wa 2022, Necta iliachana na orodha hizo, kwa maelezo kwamba shule hazifanyi kazi katika mazingira yanayofanana na kwamba kuzipanga hivyo ni kuzifanyia baadhi yao matangazo ya biashara. Wapo waliolalamika kwamba ushindani umeuawa, wapo walioshangilia. Mjadala ulikuwa wa maana, ila uliruka swali ambalo ni la kifalsafa kabla halijawa la kiutawala: mtoto aliyepata divisheni wani anaistahili kwa maana gani? Na aliyepata sifuri, je, sifuri ile ni haki yake?

Naamini matokeo yale yanasema kweli kuhusu jambo moja, na kuhusu jambo la pili yanasingiziwa. Yanasema kweli kuhusu alichoweza mtahiniwa kuandika siku ile, ndani ya saa alizopewa. Kama hajui kukokotoa moli, hajui, na huruma yetu haitamfanya ajue. Jambo la pili ni stahili. Tunaposema mtu anastahili kitu, tunadai kwamba alichokitoa na alichokipata vinalingana. Tunarudi nyuma mpaka alipoanzia na kupima alikotoka kwa juhudi zake mwenyewe. Karatasi ya mtihani haina habari hiyo hata chembe. Inaonyesha alipofika tu. Orodha ya shule bora ilikuwa na kasoro hiyohiyo: ilitaja jina la shule na nafasi yake, ikanyamaza kuhusu nani walikalia madawati yale. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato ni shule za serikali, kama ilivyo ya serikali sekondari yoyote ya kata. Lakini shule hizi, zinazoitwa za vipaji maalumu, hupokea watoto waliokwisha kuchujwa kwa alama za juu za Darasa la Saba, na watoto hao hulala bwenini. Sekondari ya kata humpokea kila aliyefaulu, mwenye baba mwalimu na anayelelewa na bibi, anayekaa jirani na uwanja wa shule na anayevuka mto ili afike. Kusema ya kwanza imefaulisha kuliko ya pili ni kusema kweli kuhusu matokeo huku hujasema lolote kuhusu ufundishaji.

Tusogee mpaka kwenye meza ya mtihani wa vitendo wa kemia. Mtahiniwa ana bureti, pipeti, chupa ya asidi, chupa ya besi na kiashiria. Anavuta besi kwa pipeti hadi kwenye alama, anaiachia kwenye flaski, anadondoshea kiashiria, na kimiminika kinakuwa cha njano. Kisha anafungua koki ya bureti na kuiruhusu asidi ishuke, mwanzoni haraka, baadaye tone kwa tone, mkono mmoja kwenye koki na mwingine ukizungusha flaski. Tone moja hutosha kuigeuza njano kuwa rangi ya chungwa. Likizidi, inakwenda kwenye wekundu na kipimo kimeharibika. Anarudia mpaka vipimo vyake vikubaliane. Ujuzi huu hukaa vidoleni, na vidole huupata kwa mazoezi. Mtoto aliyelifanya jaribio hili mara nyingi, kwenye maabara yenye maji ya bomba na mwalimu wa kemia aliyesimama pembeni, hahitaji akili ya ajabu ili alimudu. Mtoto ambaye maabara ya shule yao ni jengo lililopauliwa likabaki bila vifaa, na ambaye bureti ameizoea kwenye mchoro wa ubaoni, anaweza kuwa anazijua kanuni zote na bado akapitiliza tone. Watapata alama tofauti, na kama kipimo cha ustadi tofauti hiyo ni halali. Sioni mtu mwadilifu atakayesema kwamba wa pili alistahili kukosa. Na hapo sijagusa lugha: watoto wengi wa shule za msingi za serikali hufundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha huingia Kidato cha Kwanza na kukuta karibu kila somo, ukiacha Kiswahili chenyewe, linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, huku mwenzao aliyelipiwa ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza akiwa ameivuka ngazi hiyo tangu chekechea.

Ushahidi mzito zaidi tuliupata bila kuutafuta. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wamepata divisheni sifuri. Kama alama ni malipo ya bidii, tulipaswa kuamini kwamba ndani ya mwaka mmoja zaidi ya nusu ya vijana waliofanya mtihani waligeuka wavivu kwa pamoja. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, ikabainika kwamba utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa, na mwezi Mei matokeo yakatangazwa upya baada ya kuchakatwa kwa utaratibu wa zamani. Maelfu walitoka kwenye sifuri. Karatasi zilikuwa zilezile, mwandiko uleule, bidii ileile au uvivu uleule. Kilichohama ni mstari uliochorwa na watu wazima ofisini. Kijana aliyeitwa ziro nyumbani kwao kwa miezi mitatu alikuwa ni yuleyule wakati jina hilo lilipomtoka. Mstari lazima uchorwe mahali fulani, silipingi hilo. Ninachokataa ni kuuchukua mstari unaoweza kuhamishwa na kikao na kuufanya mpaka kati ya mtu wa maana na asiye wa maana.

Watafiti wamelichimba jambo hili kwa muda mrefu, na walichokipata hakinyooki kama ambavyo kila upande ungependa. Mwaka 1966 mwanasosholojia James Coleman alitoa nchini Marekani ripoti iliyotokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ikihusu wanafunzi zaidi ya laki tano wa shule za umma. Wengi walitarajia ithibitishe kwamba pengo la ufaulu kati ya watoto weusi na weupe linatokana na majengo na vitabu. Alichokikuta ni kwamba hali ya familia, na aina ya wanafunzi ambao mtoto anasoma nao, vinaeleza pengo hilo kuliko vifaa vya shule. Karibu na kwetu, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu shule za upili za kitaifa za Kenya, zile ambazo barua ya kujiunga nazo huleta sherehe nyumbani. Waliwalinganisha waliopenya kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache, watoto ambao kwa uwezo hawana tofauti. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, waliokwenda shule zenye jina hawakuonekana kuwazidi wenzao kwa kiasi cha maana. Utafiti wa namna hiyohiyo kuhusu shule za umma za kuchuja kwa mitihani huko Boston na New York, uliochapishwa mwaka huohuo, ulifikia jibu linalofanana. Sehemu kubwa ya sifa tunayoipa shule yenye jina ni sifa ya watoto iliowapokea.

Hapo msomaji anaweza kukata tamaa na kusema kama yote ni nyumbani, basi shule ya nini. Jibu lilitoka Uganda. Stephen Heyneman alizichunguza shule za msingi za huko miaka ya 1970 na kukuta kinyume cha Coleman: uhusiano kati ya hali ya wazazi na alama za mtoto ulikuwa hafifu. Mwaka 1983, yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29 na kuona kwamba kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo ubora wa shule na walimu unavyobeba uzito zaidi katika kuamua mtoto atajifunza nini. Matokeo haya hayagombani. Kati ya shule nzuri na nyingine iliyo nzuri kidogo zaidi, tofauti kwa mtoto aliyepenya au kukosa kwa alama chache ni ndogo. Kati ya kuwa na mwalimu wa hisabati na kutokuwa naye, tofauti ni ya maisha. Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja inaiachia shule kazi yote. Kwa hiyo takwimu za nani anasoma wapi hazitupi kisingizio cha kukunja mikono kwa kuwa maskini ni maskini. Zinatupa mzigo: tunapomwachia mtoto wa kata shule isiyo na mwalimu, tumemwandikia sehemu ya matokeo yake sisi wenyewe, kisha tunamkabidhi kama yake peke yake.

Pingamizi la kwanza ni la juhudi, na ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Wazazi na walimu watasema: wapo waliosomea kwenye kibatari, wakatembea kilomita nyingi kila siku, na wakapata wani, kama yeye aliweza, wengine wamezuiwa na nini? Ninamvulia kofia kijana huyo. Lakini hoja inayojengwa juu yake inamgeuza kuwa fimbo ya kuwachapia wenzake. Mmoja akipita, tunajua mlango haujafungwa kabisa. Hatujajua umebana kiasi gani. Tena, kama juhudi ndiyo kipimo chetu, basi tuwe wakweli tuipime kote: huyo wa kibatari ametoa zaidi kuliko aliyepata wani ileile akiwa na tuisheni na umeme, na pengine mwenzake wa divisheni ya tatu, aliyekuwa akichota maji na kulea wadogo zake kabla ya kufungua daftari, ametoa zaidi kuliko wote wawili. Atakayeishika hoja ya juhudi kwa dhati ataishia kuipinga orodha. Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu haki, alikwenda mbali zaidi: hakuna anayestahili mahali alipozaliwa wala kipaji alichozaliwa nacho, na hata ile tabia ya kujituma hulelewa na familia ambayo mtu hakuichagua. Kwenye hilo la mwisho simfuati mpaka mwisho. Nikimwambia kijana kwamba hata juhudi yake si yake, nimemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho. Ninachokubaliana naye kinatosha kwa hoja hii: katika wani kuna kazi ya mtoto na kuna urithi, na hakuna usahihishaji wowote unaoweza kuvitenga.

Dini zetu kubwa mbili zimelijua hili kabla ya wanafalsafa. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, bwana anawagawia watumishi wake talanta, mmoja tano, mwingine mbili, mwingine moja. Wahubiri hukaa sana kwa yule aliyeifukia ya kwake, na mara chache huwatazama wawili wa kwanza. Mmoja anarudisha tano za ziada, mwingine mbili za ziada, na sifa wanayopewa na bwana wao haitofautiani hata neno moja. Angekuwa anapanga shule bora, wa mbili angekuwa nafasi ya pili. Bwana anajua alichompa kila mmoja, ndiyo maana anaweza kuhukumu kwa haki, na sisi tunaotaka kuhukumu bila kujua tulichotoa tunadai mamlaka tusiyoyastahili. Katika Qurani, sura ya 80, Abasa, lawama inashuka kwa tukio linalofahamika kwa kila aliyepita madrasa: Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akaja Abdullah ibn Umm Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa, naye akamkunjia uso. Matumaini kwamba wakubwa wale wakisilimu wangevuta wengine yalikuwa na mantiki yake ya kawaida, ileile inayotufanya tupeleke walimu na vifaa kwa watoto wanaoahidi matokeo. Wahyi ukamtanguliza aliyekuja mwenyewe akitafuta elimu. Mtoto anayetembea kilomita sita kwenda sekondari ya kata amekwisha kutimiza sharti hilo kabla kengele ya kwanza haijalia.

Pingamizi la pili ni la mgonjwa. Nikilazwa, nataka daktari anayejua, sitaki daktari aliyejitahidi. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki mitihani ifutwe wala nafasi za udaktari zigawiwe kwa huruma. Ila hebu tuangalie sababu yenyewe. Tunamchagua mwenye alama za juu kwa ajili ya mgonjwa. Nafasi ile chuoni haikuwa zawadi aliyodai kwa sababu ya ubora wake. Ni kazi aliyokabidhiwa kwa sababu anaweza kuifanya. Mwalimu Nyerere alilieleza hili kwa mfano wa kijiji chenye njaa kilichompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila asirudi, huyo ni msaliti. Katika mfano huo aliyechaguliwa anaweza kweli kuwa mwenye miguu imara kuliko wote, na bado chakula alichokula si chake. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 uliandikwa kwa wasiwasi huohuo: kwamba shule iliyojengwa kuchuja wachache kwa ajili ya ngazi inayofuata itawafundisha wachache hao kujiona bora na kuwafundisha waliobaki kujiona wameshindwa maisha. Nchi ilijaribu tiba: ilitaifisha shule za misheni kwa sheria ya 1969 ili milango ifunguke kwa watoto wa dini zote, na katika miaka ya 1970 ikaweka mgawo wa nafasi za sekondari kimaeneo, maana mikoa kama Kilimanjaro na Kagera, iliyotangulia kupata misheni na kahawa, ilikuwa mbele sana. Mgawo ule ulileta manung'uniko, na mengine yalikuwa ya haki; mtoto aliyeachwa kwa alama za juu kwa sababu ya wilaya yake alikuwa na la kusema. Lakini msingi wake ulikuwa sahihi: nafasi katika shule ya umma ni mali ya umma, na umma una haki ya kuuliza inagawiwa kwa faida ya nani.

Yapo mashaka mengine kwamba tukiongea hivi tutawalegeza watoto. Mwambie mwanafunzi kwamba sifuri si kosa lake, atasoma kwa lipi? Nadhani hofu hii inachanganya nyakati mbili. Kabla ya mtihani, mtoto anahitaji kuambiwa kwamba juhudi yake ina maana, na ina maana kweli, kwa kuwa kati ya vyote vinavyomfikisha hapo ndiyo sehemu iliyo mikononi mwake. Baada ya mtihani, wakati juhudi imekwisha kutumika, kumwambia kwamba matokeo ndiyo thamani yake hakumwongezei bidii yoyote. Kunaweza kumwondoa shuleni kabisa, au kumfanya aliyefaulu asione kuwa ana deni kwa mtu yeyote. Mwalimu mzuri hufanya yote mawili bila kuona ugumu: humkazia mtoto kabla, na humtetea baadaye.

Basi Necta ilikosea au ilipatia? Ilipatia kuacha kuzipanga shule zisizofanana kana kwamba zilianzia mstari mmoja. Kisichofaa ni kuishia kwenye ukimya, kwa sababu shule ya umma inayofundisha vibaya ina haki ya kueleweka, haina haki ya kufichika. Baraza linazo alama za mtoto yuleyule za Darasa la Saba, za Kidato cha Pili na za Kidato cha Nne. Linaweza kuonyesha shule imemtoa mtoto wapi na kumfikisha wapi. Uingereza imewahi kuzipima shule zake za sekondari kwa njia ya namna hiyo, na uzoefu wake una onyo: shule zenye watoto maskini bado zilionekana dhaifu, kwa kuwa nyumba haiachi kumsaidia mtoto mmoja na kumwelemea mwingine katika miaka yote ya sekondari. Ndiyo maana alama za maendeleo peke yake hazitoshi. Pembeni yake pawekwe idadi ya walimu wa sayansi na hisabati waliopo kweli, kama maabara ina vifaa, watoto wangapi wanakaa darasa moja, wangapi wanatembea zaidi ya saa moja. Na pawekwe namba ambayo orodha ya zamani haikuwahi kuitaja: wangapi walianza Kidato cha Kwanza na hawakuonekana kwenye chumba cha mtihani. Wastani huhesabu waliofanya mtihani tu, hivyo shule inaweza kupanda kwa kuwapunguza wanyonge njiani, kwa kuwakaririsha au kuwashauri wahame. Mpaka Novemba 2021, serikali iliporuhusu wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi katika shule za umma, sera yenyewe ilikuwa ikiwapunguza. Shule iliyompokea msichana kama huyo baada ya kujifungua, ikamtafutia nafasi ya kunyonyesha, ikamfundisha mpaka akamaliza na divisheni ya nne, kwenye orodha ile ingeshuka kwa sababu yake.